Tani 16 za Mbozi, gramu 705 za Ivuna

Ukitoka Mbeya kuelekea Tunduma, kabla hujafika mpakani kuna njia inayochepuka kwenda kijiji cha Ndolezi, kwenye Kimondo cha Mbozi. Wengi wanaofika pale hufanya mambo yaleyale. Wanakizunguka, wanakigonga kwa ufunguo wasikie kinavyolia, wanakiegemea na kupigwa picha. Siwalaumu, maana bonge la chuma lenye urefu wa mita 3 na ushee, linalokadiriwa kuwa na tani 16, si kitu cha kupita bila kukigusa.

Lakini ndani ya mkoa huohuo wa Songwe, chini kule upande wa Ziwa Rukwa, kuna mahali panaitwa Ivuna. Wanaopajua wanapajua kwa chumvi, kwa sababu kuna chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamekuwa wakizichemsha kwa karne nyingi. Tarehe 16 Desemba 1938 liliangukia huko jiwe jeusi, laini, la kumomonyoka. Vipande vyake vyote vikiwekwa pamoja vilifika kama gramu 705, yaani hata kilo moja ya sukari ni nzito zaidi. Mtaje Ivuna kwa mtaalamu wa vimondo wa Tokyo au Paris, hatakuuliza ni wapi. Kuna kundi zima la mawe ya angani linaloitwa kwa jina hilo, na ni kundi adimu kuliko karibu mengine yote.

Watu wakisikia kimondo adimu hufikiria ukubwa, uzito, au bei. Hivyo si vipimo vya kwanza. Swali la kwanza ni hili: jiwe hili limepitia nini tangu lizaliwe?

Tuanze na neno lenyewe, maana linachanganya. Sisi tunasema kimondo kwa vitu viwili. Kimondo ni ule mwali unaokatiza angani usiku, ambao wazee wa pwani walituambia ni mwenge anaotupiwa shetani anayetega sikio kusikiliza habari za mbinguni. Kimondo tena ni jiwe linalookotwa chini baada ya mwali kuzimika. Kabla ya hapo, likiwa bado linaelea zake huko kati ya sayari, lilikuwa kipande cha asteroidi, yale mawe makubwa na madogo yanayolizunguka Jua, mengi yakiwa kati ya Mirihi na Mshtarii. Hapa nitasema kimondo kwa maana ya jiwe, na nitasema mwali pale ninapotaka mwali.

Sasa turudi Mbozi. Mpima ardhi William Nott aliandika habari zake mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa wakilijua bonge hilo kabla yake. Lilikuwa limezama ardhini, likachimbwa pembeni kote na chini yake, likaachiwa nguzo ya udongo ambayo baadaye iliimarishwa kwa zege. Ndiyo maana leo linaonekana kama limepandishwa jukwaani. Sehemu kubwa ni chuma, takriban asilimia 90, na karibu asilimia 9 ni nikeli.

Hiyo nikeli ndiyo inayosimulia kilichotokea. Zamani sana, miaka bilioni 4.5 na zaidi iliyopita, baadhi ya asteroidi zilipata joto kali mno ndani, hasa kutokana na elementi zenye mnururisho zilizokuwa changa wakati huo. Mwamba wote ukayeyuka. Kilichoyeyuka kikajitenga kama masimbi na maziwa: vizito, yaani chuma na nikeli, vikazama katikati, na vyepesi vikaelea juu vikawa mawe. Kisha kikapoa polepole kwa namna ambayo akili inakataa. Tunazungumzia nyuzi chache, au mamia machache ya nyuzi, katika kila miaka milioni. Kwa upole huo, fuwele za chuma chenye nikeli kidogo na chuma chenye nikeli nyingi hujipanga kwa mistari inayokatizana kama ukili. Ukikata kimondo cha chuma cha aina hiyo, ukasugua uso wake, ukaupaka asidi, mistari hiyo hujitokeza. Hakuna mhunzi duniani anayeweza kuighushi, kwa sababu hana hiyo miaka milioni.

Kwa hiyo ukigusa vimondo vingi vya chuma unagusa moyo wa kisayari kilichovunjika. Nitende haki: Mbozi pia ni adimu kwa namna yake. Vimondo vya chuma vimegawanywa katika makundi zaidi ya kumi kwa kupima chembechembe za metali nyingine zilizomo, na Mbozi haikubali kuingia katika kundi lolote. Kwenye orodha za wataalamu kimeandikwa tu kwamba hakina kundi. Ni yatima. Kisayari kilichokizaa huenda hakijatuletea mtoto mwingine.

Hata hivyo, Mbozi ni kitu kilichopikwa kikaiva. Ukipewa ugali unaweza kusema ni wa mahindi au wa mtama, lakini hutajua unga ulikuwaje kabla haujaingia sufuriani, ulikuwa na wadudu au hauna, umekobolewa au la. Wanaotaka kujua mfumo wetu wa Jua ulitengenezwa kwa vitu gani wanatafuta unga. Na unga wenyewe ni Ivuna.

Zaidi ya asilimia 80 ya vimondo vinavyoonekana vikianguka ni vya aina moja pana inayoitwa kondraiti za kawaida. Ndani yake mna vipunje vya mviringo, kama mtama uliochanganywa kwenye udongo, vinavyoitwa kondruli. Hivi ni matone ya mwamba yaliyoyeyuka na kuganda angani kabla sayari hazijakuwapo. Kimondo cha Thika, kilichoanguka mashambani Kenya tarehe 16 Julai 2011, ni cha jamii hii. Kile cha Mbale, Uganda, vilevile.

Pembeni ya hizo kuna kondraiti za kaboni, ambazo ni chache, na kila kundi dogo limepewa herufi ya mahali lilipoanguka jiwe la mfano. CM ni ya Mighei, Ukraine. CV ni ya Vigarano, Italia. CO ni ya Ornans, Ufaransa. Na CI, ile I, ni Ivuna. Vimondo vya CI vilivyoonekana vikianguka na vikaokotwa vinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja: Alais mwaka 1806 na Orgueil mwaka 1864, vyote Ufaransa; Tonk, India, mwaka 1911; Ivuna mwaka 1938; na Revelstoke, Kanada, mwaka 1965, ambacho kiliokotwa gramu moja tu.

Kinachochekesha ni kwamba jiwe la Ivuna linaitwa kondraiti ilhali halina kondruli zinazoonekana. Huko lilikotoka, barafu iliyochanganyika na vumbi iliyeyuka, maji yakalowesha mwamba, na madini ya mwanzo yakageuka kuwa kitu kinachofanana na udongo wa mfinyanzi. Maji hayo bado yamefungwa ndani ya madini yake. Umbo la nje liliharibika kabisa, ila maji hayakuondoa wala kuongeza elementi kwa kiasi kikubwa. Ni kama unga uliokandwa lakini haukuwekwa motoni: sura imebadilika, viambato ni vilevile.

Wamejuaje kuwa ni vilevile? Kwa kulinganisha na Jua. Jua limebeba zaidi ya asilimia 99 ya uzito wa mfumo wetu wote, hivyo mchanganyiko wake ndio mchanganyiko wa awali. Nuru ya Jua ikipasuliwa katika rangi zake huonyesha kuna magnesi kiasi gani kwa kila silikoni, kalisi kiasi gani, chuma kiasi gani. Ukiweka orodha hiyo sambamba na ya vimondo vya CI, zinakubaliana elementi baada ya elementi. Tofauti ziko kwenye gesi kama haidrojeni na heli, ambazo jiwe haliwezi kuzishika, na kwenye lithi, ambayo Jua limeiunguza. Ndiyo maana mwanajiolojia anayepima mwamba wa volkano au jiwe la Mwezini mara nyingi hugawanya namba zake kwa namba za CI, ili aone kilichoongezeka na kilichopungua. Jina la kijiji chetu cha chumvi limekaa hivyo kwenye michoro ya kisayansi ya dunia nzima, na sisi wengi hatujui.

Jiwe la namna hii lina udhaifu wake. Linanyonya unyevu hewani kama chumvi iliyosahaulika mezani. Baadhi ya mishipa myeupe ya salfeti, aina ya chumvi yenye salfa, iliyoonekana ndani ya Orgueil na Ivuna imeelezwa na watafiti kuwa ilijitengeneza hapahapa duniani, kwa mvuke wa hewa ya kabatini. Orgueil nacho kiliwahi kuchezewa: katika miaka ya 1960 iligundulika kwamba mtu, karibu miaka mia moja nyuma, alipachika mbegu za mmea kwenye kipande kimoja na kuzifunika kwa gundi, bila shaka ili watu waamini kuna uhai angani. Kwa sababu hizo, mwaka 2008 jumba la makumbusho la Natural History Museum la London liliponunua kipande cha Ivuna cha gramu 202 kutoka mikono binafsi Marekani, kilichowavutia ni kwamba kilikuwa kimehifadhiwa ndani ya gesi ya naitrojeni kwa miaka mingi.

Kisha ikaja Desemba 2020. Chombo cha Kijapani Hayabusa2 kilileta duniani gramu 5.4 za vumbi na changarawe kutoka asteroidi Ryugu, na zilifunguliwa bila kuguswa na hewa. Majibu yalipotoka mwaka 2022, wanasayansi waliandika kwamba Ryugu ni ya aina ya Ivuna. Safari ya miaka sita na mabilioni ya kilomita ikaishia kwenye jina la Rukwa! Na kwa kuwa changarawe za Ryugu hazikuwa na zile salfeti, tuhuma ya hewa ya kabatini ikapata nguvu.

Mtu atauliza: kama mawe haya yanaanguka duniani kote, kwa nini hayaokotwi kila siku? Sababu kubwa ni mvua. Ivuna ilianguka Desemba, msimu wa masika wa nyanda zile. Lingekaa nje wiki chache bila kuokotwa, lingekuwa tope, na leo kundi hilo lingeitwa jina lingine. Vimondo vya chuma hustahimili zaidi, na hata mtu asiyejua kitu hushtuka akikutana na chuma porini, ndiyo sababu makumbusho yamejaa chuma ilhali kinachoanguka zaidi ni mawe.

Wawindaji wa vimondo basi hukimbilia mahali pakavu au pa baridi. Mwaka 1969 Wajapani waliokuwa Antaktika waliokota mawe tisa juu ya barafu karibu na milima ya Yamato, na walipoyapima wakakuta ni ya aina mbalimbali, maana yake hayakuanguka pamoja. Barafu ilikuwa imeyabeba. Inatiririka polepole, inagonga milima, inasimama, upepo unaiparura kutoka juu, na mawe yaliyomezwa kwa maelfu ya miaka yanabaki wazi yamekusanyika. Tangu hapo zaidi ya nusu ya vimondo vyote vyenye jina duniani vimetoka Antaktika. Jangwani kanuni ni rahisi zaidi: jiwe jeusi juu ya ardhi nyeupe. Ndugu zetu wa Oman wanaijua vizuri. Watafiti kutoka Uswisi wamekuwa wakishirikiana na wenyeji kuchana tambarare zile kwa magari na kwa miguu, na mwaka 2002 huko Sayh al Uhaymir waliokota jiwe la gramu 206 lililotoka Mwezini.

Uwindaji ninaoupenda mimi ni wa Sudan. Tarehe 6 Oktoba 2008 darubini iliyoko Arizona iliona asteroidi ndogo ikija, na saa zipatazo ishirini baadaye ikapasuka juu ya jangwa la Nubia. Ilikuwa mara ya kwanza kitu kuonekana angani kabla ya kuanguka na mabaki yake kuokotwa. Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum na mwanafalaki Peter Jenniskens waliwachukua wanafunzi, wakawapanga mstari mmoja mrefu jangwani, kila mmoja akitazama kipande chake cha mchanga, wakatembea. Hapakuwa na mashine ya ajabu. Macho na miguu ya vijana vilitoa vipande mia kadhaa, na kimondo kikapewa jina la kituo cha jirani, Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita. Juni 2018 Botswana ilirudia karibu hadithi ileile katika hifadhi ya Kalahari, safari hii askari wa wanyamapori wakilinda watafutaji dhidi ya simba.

Kinachopoteza watu wengi ni mwali wenyewe. Ukiuona ukizimika nyuma ya mlima, unaapa jiwe liko nyuma ya mlima ule. Kwa kawaida mwali huzimika ukiwa bado kilomita 20 au zaidi juu. Hewa imeshauvunja mwendo, na kutoka hapo jiwe huporomoka gizani kama jiwe lingine lolote lililotupwa, likipeperushwa na upepo. Mlima wako unaweza kuwa na makosa ya kilomita mia. Dalili ya kuaminika ni sauti: ukisikia ngurumo dakika moja au mbili baada ya mwali, na hasa ukisikia mvumo wa kitu kinachopita, hapo una sababu ya kutafuta.

Mbale walisikia. Tarehe 14 Agosti 1992, mchana kweupe, mawe yalimwagika juu ya mji na vijiji vya jirani. Kimoja cha gramu 3.6 kiligonga mgomba kwanza, kikapunguza kasi, kikamdondokea mvulana kichwani. Hakuumia. Ripoti za wakati ule zinasema baadhi ya watu waliyasaga mawe wakayala kama dawa ya UKIMWI. Si jambo la kucheka, kwa miaka ile na msiba ule.

Tuseme sasa umeokota jiwe zito, jeusi, na sumaku inalishika. Pole, bado si kimondo. Nyanda za Ufipa na Unyiha zimejaa malungu, zile tanuru ndefu za udongo ambamo wahunzi waliyeyushia chuma, na kila lungu liliacha rundo la mavi ya chuma. Ni meusi, ni mazito, yanang'aa, na yamewadanganya wengi. Yatazame vizuri: yana vitundu vya mapovu. Kimondo hakina mapovu isipokuwa mara chache sana. Kilichoanguka karibuni kina ganda jeusi jembamba, kama rangi iliyopakwa, na pakimeguka ndani mara nyingi ni kijivu chenye chembe za metali zinazometa. Baadhi vina vibonyeo kama vya dole gumba kwenye unga uliokandwa. Sugua jiwe lako mgongoni mwa kigae cha bafuni, upande usiong'arishwa: likiacha mstari mwekundu au mweusi mzito, hayo ni madini ya chuma ya hapahapa. Na hiyo sumaku, itumie ukiwa umeifunga kwenye uzi na usiigandishe kwenye jiwe, kwa sababu sumaku kali hufuta usumaku wa kale uliomo ndani ya jiwe.

Kimondo kikithibitishwa hupewa jina la mahali, na orodha inasimamiwa na chama cha kimataifa cha Meteoritical Society. Sharti mojawapo ni kwamba gramu 20, au asilimia 20 ya uzito kama jiwe ni dogo, ziwekwe katika taasisi inayotambulika. Sehemu nyingine huingia sokoni. Hapo ndipo jina linapopotea, maana mawe mengi ya Sahara hupita mikononi mwa wafanyabiashara wa Moroko bila mtu kusema yaliokotwa wapi. Huandikwa NWA, yaani kaskazini-magharibi mwa Afrika, na namba.

Namba maarufu kwa sasa ni NWA 16788, jiwe la kilo 24.67 lililotoka Mirihi, kubwa kuliko mengine yote ya huko yaliyowahi kuokotwa. Lilipatikana Niger mwaka 2023, na Julai 2025 likauzwa mnadani New York kwa dola milioni 5.3 pamoja na ada. Serikali ya Niger ikatangaza uchunguzi wa namna lilivyotoka nchini. Somalia nako kimondo cha El Ali, tani 15 na ushee, wafugaji walikijua kwa vizazi kwa jina la Shiid-birood, wakanoa visu juu yake. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba gramu chache zilizopelekwa Kanada zina madini ambayo hayajawahi kuonekana kiasilia. Bonge lenyewe lilikuwa limeshavuka bahari kwenda China kusubiri mnunuzi. Afrika Kusini na Oman zina masharti ya kuzuia hayo, na sioni ubaya kuwaiga: mkusanyaji makini huokoa mawe ambayo yangeoza, hilo nalikubali, ila jiwe lisilojulikana lilipoangukia limeshapoteza nusu ya habari zake kabla halijafika maabara.

Basi, siku ukiwa shambani ukasikia ngurumo bila wingu, kisha kitu kikadunda karibu, hakitakuwa cha moto kama unavyodhani. Mara nyingi ni vuguvugu au baridi. Usikishike kwa mkono mtupu, usikioshe, usikilambe. Kifunge kwenye karatasi ya aluminiamu, piga picha mahali kilipolala, andika saa. Ila kama ni jeusi tii na linameguka kama mkaa, na Rukwa yote imejaa mawingu, hayo ya picha yaache kwanza. Kimbia ukaliokote.